Kupima Mzigo wa Mwili na wa Akili kwa Wafanyakazi wa Korona

Mtafiti anayeingia katika korona ya mkonge, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi katika majani ya mkonge, mkoani Tanga asianze na dodoso, bali asimame pembeni zamu nzima akitazama kazi inavyokwenda. Anayelisha majani kwenye mashine huinama, hugeuza kiuno akiyapanga, na papo hapo hutambua jani lililolala vibaya. Ukipima mgongo wake tu, nusu ya kazi imekuponyoka. Andika kila mkao, unarudiwa mara ngapi kwa dakika, na ni wapi analazimika kuamua kwa haraka.

Ruhusa ya meneja haitoshi. Mfanyakazi mwenyewe aridhie, nyapara asiwepo, tena aelezwe kwamba jina lake halitaandikwa, kwani anayehofia kibarua chake atakuambia kila kitu ni chepesi.

Kwa upande wa mwili, kipo kipimo cha Gunnar Borg wa Uswidi, cha kuanzia 6 hadi 20, ambacho mtu hutaja namba ya jinsi anavyohisi kazi ilivyo nzito; namba anayoitaja mtu mzima mwenye afya, ikizidishwa kwa 10, hukaribia mapigo ya moyo wake kwa dakika. Hapa pwani pana mtego: joto na unyevunyevu huongeza mapigo hata kazi isipobadilika. Kwa hiyo vipime navyo, wala usilinganishe alfajiri na adhuhuri kana kwamba hali ni moja. Kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inayoanzia kikomo cha kilo 23 na kukipunguza kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili au kiuno kinavyogeuzwa, ni ya kunyanyua kwa mikono miwili. Kwa anayetembea na furushi begani haifai, ingawa wapo wanaoilazimisha.

Kwa upande wa akili, NASA-TLX ya mwaka 1988, dodoso la NASA (shirika la anga la Marekani) la kupima mzigo wa kazi, ina vipengele sita: mahitaji ya akili, mahitaji ya mwili, shinikizo la muda, ufanisi, juhudi na kero. Uliza mara tu mtu anapoachia kazi, si jioni akiwa amekwisha kusahau. Msomee kila kipengele naye aonyeshe kwa kidole mahali pake kwenye mstari. Angalia sana kipengele cha ufanisi, maana mstari wake huanza na kufaulu na kuishia na kushindwa, na asiyeelezwa hilo huonyesha kinyume.

Majibu yapangwe kwa kituo cha kazi, si kwa mtu. Kituo ambacho mwili na akili vyote vimelemewa ndicho cha kurekebishwa kwanza, kwa kuanzia na kimo cha meza na kasi ya mashine, kabla ya kufikiria kumhamisha aliyesimama pale.