Kumtafuta na kumrekodi salamanda usiku, milima ya Great Smoky

Salamanda ni mnyama wa jamii ya chura, mwenye mkia na umbo kama la mjusi. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa porini, hivyo wengi wetu humwona kwanza ughaibuni. Ukiwa Tennessee au North Carolina, Marekani, una bahati: hifadhi ya Great Smoky ina aina 30 hivi. Wengi hawana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu.

1. Safisha buti. Sugua matope yote kwanza, maana yanapunguza nguvu ya jiki. Kisha zipake jiki yenye maji, suuza, anika zikauke kabisa. Kuvu ya Bsal, iliyotambuliwa mwaka 2013 baada ya kuteketeza salamanda wa Uholanzi, inaweza kusafiri kwenye tope la kiatu.

2. Ngoja mvua. Usiku wenye manyunyu na usio na baridi kali ndio wenyewe.

3. Tafuta kwa macho, si kwa mikono. Vaa tochi ya kichwani, tembea polepole, mulika magogo yaliyooza, kingo za vijito na vishimo vya ardhini. Mara nyingi utaona kichwa tu kimechungulia. Watu wengi hupindua mawe. Mimi napinga kabisa. Unyevu wa chini hupotea, na jiwe likirudi vibaya humponda mnyama. Mtoni ni vibaya zaidi, kwa sababu helbenda, salamanda mkubwa wa mtoni anayeweza kuzidi sentimita 60, hutaga chini ya mawe makubwa. Isitoshe, kuwashika salamanda hifadhini bila kibali ni kosa kisheria.

4. Piga picha. Ya kwanza papo hapo alipo, kabla hajasogea. Kisha ubavu wa kichwa, mgongo na miguu ya nyuma. Usiridhike na rangi! Plethodon jordani ana mashavu mekundu na ladha mbaya inayowafukuza ndege. Desmognathus imitator humwiga, naye huweza kuwa na mashavu hayohayo. Wa pili mtambue kwa mstari hafifu kutoka jichoni hadi pembe ya taya, na miguu ya nyuma iliyonenepa kuliko ya mbele.

5. Andika hapohapo, kwa penseli, kwani wino huyeyuka mvuani: tarehe, saa, mahali, mwinuko, jotoridi, alikuwa juu ya nini, akifanya nini. Usipoona hata mmoja, andika pia. Sufuri ni takwimu.

6. Pakia iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, lakini ficha mahali halisi pa aina adimu, maana wanaowakamata kwa biashara nao husoma. Aina ikikushinda, ishia kwenye jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, kama Plethodon.