Kusoma chapa kwenye kitako cha ganda la mzinga wa meli

Kwanza usalama. Alama ya pini kwenye fataki (kiwashio kidogo katikati ya kitako) haithibitishi kwamba ganda limeshapigwa, kwani fataki hugoma. Fataki isiyo na alama nayo haithibitishi kwamba ni zima, maana mizinga mingi ya meli iliwashwa kwa umeme. Ukikuta kombora bado limekaa mdomoni mwa ganda, au lina fyuzi (kifaa cha kulipulia kombora), usiliguse. Ondoka, waite polisi.

Ganda tupu lioshe kitako kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Msasa na dawa ya kung'arisha shaba ziache kabisa: zinakula chapa zisizo na kina, nazo ndizo zenye habari nyingi. Kisha mulika tochi kutoka ubavuni, karibu usawa wa kitako, ukilizungusha ganda taratibu. Palipofifia, weka karatasi nyembamba usugue kwa penseli laini.

Chapa hizo hazikupigwa siku moja. Kuna aliyetengeneza, aliyekagua, kisha waliojaza baruti tena na tena. Kwa Uingereza, RL ni Royal Laboratory ya Woolwich, EOC ni Elswick Ordnance Company. Taji juu ya herufi na namba ni la mkaguzi. Wengi hulidhania kiwanda. Mshale mpana ni mali ya serikali, N ni ya jeshi la wanamaji, na mishale miwili iliyogusana ncha maana yake ganda liliuzwa nje ya jeshi. CF ni kodaiti, aina ya baruti isiyo na moshi, ya kipimo kamili. Kwa Ujerumani tafuta M chini ya taji, au chini ya tai kwa enzi ya Hitler. Marekani walitumia nanga. Picha ya bomu linalowaka moto ni ya jeshi lao la nchi kavu.

Mwaka ulio kwenye fataki usiuchukue kuwa wa ganda. Fataki nyingi ni za kufunga kwa hesi na zilibadilishwa.

Mwisho pima kwa kalipa: urefu wa milimita 376 na kipenyo cha mdomo cha 47 ni la mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3, 307 kwa 57 ni la ule wa ratili 6. La mzinga wa Bofors ni 311 kwa 40, ila hiyo ilipigwa baharini na nchi kavu, hivyo bila nanga au chapa nyingine ya wanamaji usiiandike kuwa ya meli.