Damu chooni: iangalie kwanza, ndipo umwage maji

Mara ya kwanza niliiona Makambako, kwenye choo cha gesti, saa kumi na moja alfajiri, utingo wangu yuko nje anagonga matairi. Sinki jeupe la kuchuchumaa, na juu yake matone matatu ya damu mbichi, mekundu kama nyanya iliyoiva. Nikamwaga maji haraka kama mtoto aliyevunja kikombe. Kumbe daktari swali lake la kwanza ni kuhusu kile kile nilichokimwaga.

Kwa hiyo anza hapo. Ukiiona, iangalie: rangi yake, mahali ilipo, na imekuja na nini.

Damu nyekundu inayodondoka mwishoni, au inayobaki kwenye tishu au mkononi ukitawaza, mara nyingi inatoka karibu na mlango wa haja kubwa. Ikiwa haiumi, huenda ni bawasiri ya ndani, yaani mishipa ya damu iliyovimba. Ikiwa choo kinapita kama wembe, na moto wake unabaki hata saa nzima baadaye, huenda ngozi ya mlangoni imechanika kwa choo kigumu. Mimi nilikuwa na wembe. Makambako mpaka Tunduma niliendesha nikiwa nimekalia tako moja.

Damu iliyoiva rangi, iliyochanganyika na choo chenyewe, imetoka juu zaidi. Choo cheusi tii kinachonata kama lami na kunuka kupita kawaida kinaweza kuwa damu ya tumboni iliyobadilika rangi njiani. Hapo sisi madereva tuwe macho, maana diklofenaki tunaitafuna kama karanga kwa ajili ya mgongo, na dawa za jamii hiyo huchimba vidonda vya tumbo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, na biitiruti hukitia wekundu; jirani yangu aliwahi kukesha akiagana na dunia kwa sababu ya glasi mbili za juisi. Damu ikija na kuhara, makamasi na tumbo kusokota, hiyo ni habari nyingine: inaweza kuwa amiba au bakteria, na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Victoria hata kichocho cha tumbo. Peleka choo kikapimwe, usinunue vidonge kwa kubahatisha.

Yangu ilianzia kwenye chupa ya maji. Nilikuwa sinywi ili nisisimame njiani kila saa. Chipsi Morogoro, wali nyama Iringa, choo baada ya siku tatu, na kikija ni kokoto. Daktari hakunipa miujiza. Maji ya kutosha kutwa nzima. Ugali wa dona badala ya sembe, maharage, mchicha, papai, ila uongeze pole pole, la sivyo gesi itakutoa kwenye kabini. Haja ikija, simama. Usiibane mpaka mizani inayofuata. Ukiwa chooni usikamue, na simu iache nje. Kisha beseni: maji ya vuguvugu, unakalia dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya choo. Usitie dawa ya kusafishia wala sabuni. Mke wangu alinikuta chumbani, mlango nimerudishia, nimejifunika kanga. "Baba Neema, umekuwa mwali?" Acha wacheke. Mchaniko mpya mara nyingi hupona ndani ya wiki chache kwa mambo hayo.

Mtego uko kwenye jina. Huku kwetu kila damu ya huko chini inaitwa bawasiri, na kila stendi ina mtu mwenye unga wake kwenye kopo. Dereva mwenzangu alikunywa unga huo karibu mwaka mzima. Tulimtania kwamba anapunguza kitambi, kwa kuwa mkanda wake alikuwa anautoboa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine. Ilikuwa saratani ya utumbo, sehemu ya mwisho kabisa. Bawasiri alikuwa nayo kweli. Kuwa na hiyo hakuzuii kuwa na nyingine.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, kama damu ni nyingi au ina mabonge, kama haikatiki, kama unaona kizunguzungu, jasho baridi au moyo unakwenda mbio, kama choo ni cheusi kama lami, kama unatapika damu, au tumbo linauma sana. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asingoje hata kidogo.

Panga kwenda wiki hii kama damu inajirudia, kama imechanganyika na choo, kama choo kimebadili tabia kwa wiki kadhaa, kama unamaliza lakini unahisi hujamaliza, kama unakonda au unachoka bila sababu, au kama kuna ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo. Mjamzito aseme kliniki, na mtoto apelekwe. Ujana nao si kinga.

Aibu naijua. Pale mapokezi huna haja ya kusimulia. Sema "nina shida ya tumbo, nitamweleza daktari", inatosha. Daktari wangu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. "Baba, lala ubavu wa kushoto, kunja magoti yaje kifuani, vuta pumzi." Glavu, jeli ya baridi, kidole kimoja, kisha kifaa kifupi chenye taa. Nilikodolea macho kalenda ukutani, na kabla sijamaliza kusoma miezi alikuwa anavua glavu. Ukiumia mwambie asimame. Akanipima na wingi wa damu. Aliona mchaniko, na akaona bawasiri ndogo ambayo sikuwa na habari nayo.

Nikadhani tumemaliza. Akauliza umri, nikasema 48. Akasema Marekani tangu mwaka 2021 wanashauri watu waanze kuchunguzwa utumbo wakifika miaka 45, hata wasio na dalili, na mimi dalili ninayo. Akaniandikia kolonoskopi, ile kamera ndefu inayoingia mpaka ndani. Kamera yenyewe walinipa dawa ya usingizi, sikumbuki kitu. Kazi ilikuwa jana yake: unakunywa dawa ya kuharisha mpaka utoke maji matupu. Siku hiyo usikubali safari, hata ya Chalinze.