Namna ya Kuandika Tashtiti Kuhusu Supamaketi na Duka la Mtaa

Kabla hujaandika neno lolote la tashtiti, yaani kejeli inayochekesha ili kufichua uovu, kaa nusu siku katika duka la mtaa, Bwaise au Katwe jijini Kampala, utazame mwenye duka anavyokata mche wa sabuni kwa kisu, anavyopima robo kilo ya sukari, na anavyoandika deni la jirani kwenye daftari lililong'oka jalada. Mali yote hiyo aliinunua Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, kwa pesa taslimu. Supamaketi iliyo ng'ambo ya barabara huletewa mzigo kutoka kiwandani kwa bei nafuu, ikauza kwanza, kisha mara nyingi ikawalipa walioileta baada ya siku 30, 60 au hata 90. Shabaha ya tashtiti yako iko hapo: mwenye nacho ndiye anayekopeshwa, na asiye nacho ndiye anayekopesha mtaa mzima.

Ukishalishika jambo hilo moja, ligeuze. Mpeleke mwenye duka kwenye lango la kiwanda akiwa na daftari lake kwapani, umpe lugha ileile ya wakubwa:

“Mheshimiwa Meneja, mimi ni mwekezaji. Mtaji wangu ni kreti mbili za soda na mizani moja. Naomba sukari leo, nami nitalipa baada ya siku 90, kwa kuwa malipo yenu bado yanahakikiwa na idara yangu ya fedha, ambayo ni mke wangu.”

Angalia kwamba ombi hilo halina chuku kubwa. Maneno ni ya kawaida ofisini. Kilichobadilika ni kinywa kinachoyatamka, na msomaji anayecheka analazimika kujiuliza kwa nini maneno hayo hayamchekeshi yanapotoka kwa mkubwa. Ukiongeza matusi, utaiua tashtiti.

Jihadhari sana na kabila, rangi na uraia wa mwenye mali. Uganda tunaujua mwisho wa dhihaka hiyo: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, akakiita kitendo hicho vita vya uchumi, na maduka yao yakagawiwa watu wengine huku bidhaa zikiadimika madukani. Kwa hiyo cheka mkataba, cheka tarehe ya malipo, cheka hotuba ya ufunguzi, lakini asili ya mtu iache kabisa. Mama anayevuka barabara kufuata sukari ya bei nafuu naye usimguse, kwa sababu anahesabu shilingi kama mwenye duka anavyohesabu.

Jina la supamaketi libuni mwenyewe.

Ukimaliza, rudi ukamsomee mwenye duka kwa sauti, usiku anapokaribia kufunga. Akicheka, kisha akafungua daftari na kukuonyesha ukurasa ambao hukuwahi kuuona, kaa chini uandike upya.