Kutoka ganda la korosho hadi kizuizi cha kimeng'enya

Tafuta maganda ambayo hayajapita motoni. Hapa Dar utayapata kwa wanaobangua korosho kutoka Mtwara na Lindi, ila uliza kwanza yalikaangwa au la: moto hung'oa kaboni dioksidi, na asidi ya anakadiki, ambayo ndiyo malighafi yetu, inageuka kadanoli. Vaa glovu. Mafuta ya ganda hubabua ngozi vibaya.

Hatua ya 1. Ponda maganda, loweka kwenye heksani bila joto, chuja, kausha.

Hatua ya 2. Yeyusha mafuta kwenye methanoli yenye maji asilimia 5. Ongeza hidroksidi ya kalsiamu kidogo kidogo kwa nyuzi 50 huku ukikoroga. Chumvi ya anakadiki hutuama, kadanoli hubaki kwenye kimiminika. Chuja, osha, rudisha asidi kwa asidi ya hidrokloriki (HCl), kisha ivute kwa ethili asetati.

Hatua ya 3. Wengi huiruka hii. Ulichonacho ni ndugu wanne waliovaa sare: mkia wa kaboni 15 wenye viungo maradufu 0, 1, 2 au 3. Weka pembeni kiasi kidogo, kilichobaki kipitishie haidrojeni kwa paladi juu ya kaboni, ndani ya ethanoli. Kwenye NMR (kipimo kinachosoma muundo wa molekuli kwa sumaku), vilele vya kati ya 5 na 6 ppm vikitoweka, una kitu kimoja.

Hatua ya 4. Kinga fenoli kwa kundi la ethili, geuza asidi kuwa kloridi kwa thionili kloridi, kisha ongeza anilini uliyoichagua upate amidi. Fanya ndani ya kabati la kuvuta hewa, na anilini iwe tayari mezani. Unyevu wa Dar huimaliza kloridi ukizubaa. Usidhani amidi itafanya kazi ya mama yake, yaani asidi ilikotoka. Mwaka 2003 ilichapishwa kwamba asidi ya anakadiki huzuia p300, kimeng'enya kinachobandika vikundi vya asetili kwenye protini, lakini amidi yake CTPB hukiamsha.

Hatua ya 5. Sasa pima kama inazuia kimeng'enya. Kwa maabara zetu tairosinase ya uyoga, kimeng'enya cha kutengeneza rangi, inatosha: kipe L-DOPA ikibadilishe, pH 6.8, soma kwenye nanomita 475, asidi ya kojiki, kizuizi kinachojulikana, iwe kipimo cha kulinganisha. Usishangilie bado. Mikia mirefu hujikusanya majini kuwa vifundo, kimeng'enya kikanasa humo, nawe ukaona "kizuizi". Rudia ukiwa na Triton X-100 (aina ya sabuni) asilimia 0.01. Nguvu ikipotea, ulikuwa unapima vifundo.

Hapo fupisha mkia: chukua ile asidi uliyoweka pembeni hatua ya 3. Kiungo maradufu cha kwanza kiko kaboni ya 8 ya mkia. Ukishaikinga fenoli, ozoni itakikata na kukuachia mkia wa kaboni 8. Anza nao upya hatua ya 4.