Wali wa nazi unaochambuka

Mchele wa basmati vikombe 2, uoshe mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, kisha uroweke nusu saa na uuchuje. Chemsha vikombe 2 na nusu vya tui jepesi na chumvi, ndipo utie mchele. Koroga mara moja, basi; ukizidi kukoroga punje zinavunjika, zinatoa wanga na wali unakuwa bokoboko. Tui likikaribia kukauka, mimina nusu kikombe cha tui zito. Funika, punguza makaa kwenye seredani na mengine palia juu ya mfuniko, dakika 15. Kwa gesi, moto mdogo kabisa. Usifunue ovyo: mvuke ukitoka, juu unabaki na kiini. Mchele mpya unataka tui pungufu kidogo.