Kutunza Mbwa wa Sleji Katika Miezi Isiyo na Theluji

Mbio za Iditarod, ambazo tangu mwaka 1973 huwapeleka mbwa wa kuvuta sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, kutoka Anchorage hadi Nome katika jimbo la Alaska, umbali wa kilomita 1,600 hivi, hukimbiwa mwezi Machi. Wiki chache baadaye theluji huyeyuka, sleji huinuliwa darini, na mfugaji hubaki na mbwa thelathini au arobaini ambao miili yao bado imejengwa kwa ajili ya baridi kali. Matatizo mengi yanayoonekana mabandani kati ya Mei na Agosti hayaletwi na ugonjwa mgeni, bali na mazoea ya Januari yaliyobebwa hadi Juni: bakuli lilelile, nyasi zilezile kibandani, na saa zilezile za kazi. Makala haya yanaeleza ni yapi ya kubadilisha, na kwa nini.

La kwanza ni joto. Wasiofika huko hudhani kaskazini ni baridi mwaka mzima, lakini katika bonde la Fairbanks, mji wa ndani ya Alaska, si ajabu kipimo kufika nyuzi joto 30 za Selsiasi, na huko Fort Yukon, kijiji kilicho juu kidogo ya mstari wa Aktiki, kiliwahi kufika nyuzi 38 mwezi Juni 1915. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hupoa hasa kwa kuhema, na nyayo zake humsaidia kidogo sana. Haski, mbwa wa kaskazini anayevuta sleji, ana manyoya ya tabaka mbili, na lile la ndani hupukutika lenyewe kuanzia majira ya kuchipua. Kazi ya mhudumu ni kulisaidia litoke kwa kumchana mbwa kila baada ya siku chache, kwa sababu manyoya yaliyokufa yakibaki yameshikana huzuia hewa kufika kwenye ngozi. Wapo wanaoamua kumnyoa mbwa kabisa wakidhani wanamtendea hisani. Wasifanye hivyo, maana tabaka la nje humkinga dhidi ya jua na mbu, na likinyolewa huenda lisiote tena vizuri.

Kwa kuwa mwezi Juni jua la Fairbanks hukaa angani kwa saa 21 na zaidi, ratiba nzima ya banda inaweza kupinduliwa, na kwa maoni yangu inapaswa kupinduliwa. Kulisha, kusafisha, kukata kucha na kuwafungulia mbwa wakimbie ni kazi za saa kumi alfajiri au saa nne usiku, ingawa neno "usiku" mahali hapo na kwa mwezi huo ni la heshima tu. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni mbwa aachwe alale. Mhudumu anayeona mbwa wamelala mchana kutwa asidhani wamepatwa na uvivu. Wanafanya jambo la busara kuliko yote yanayoweza kufanyika saa hizo.

Dalili za mbwa aliyezidiwa na joto zifahamike kwa kila anayeingia uwanjani, hata kama ni kijana wa kazi za msimu. Mbwa mwenye afya huwa na nyuzi joto 38.3 hadi 39.2. Anapoanza kuhema kwa kishindo huku ulimi umepanuka na kugeuka mwekundu sana, mate yakawa mazito ya kunata, kisha akapepesuka au kutapika, hali imekwisha kuwa ya hatari. Akipita nyuzi 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kumpakia garini mara moja na kukimbilia kwa daktari wa mifugo. Apozwe kwanza, ndipo asafirishwe. Amwagiwe maji ya baridi mwili mzima, hasa tumboni, mapajani kwa ndani na shingoni, huku hewa ikipita juu yake kwa feni au upepo, na maji yaendelee kumwagwa bila kukoma. Taulo lenye maji lisiachwe limemfunika, kwa sababu baada ya dakika chache hupata joto na kuwa blanketi. Kipimo kikishuka hadi karibu nyuzi 39.5, acha kumwagia, la sivyo atapoa kupita kiasi, kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na anatikisa mkia.

Suala la chakula linahitaji mkono zaidi kuliko mizani. Mbwa wa mbio ndefu hutumia kilokalori 10,000 na zaidi kwa siku akiwa njiani, ilhali mbwa yuleyule wa kilo 22, akikaa bila kazi wakati wa kiangazi, hutosheka na takriban 1,200 hadi 1,500. Punguzo hilo lifanywe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, likianzia kwenye mafuta, ambayo hata hivyo huchacha upesi ghalani joto linapopanda. Kila wiki mhudumu apitishe viganja ubavuni mwa kila mbwa: mbavu zihisike mara moja chini ya ngozi kama vifundo vya vidole unapovipapasa kwa kiganja cha mkono wa pili, lakini zisionekane kwa macho kutoka mbali. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, bakuli lipunguzwe. Mbwa anayeingia Septemba akiwa na kilo tatu za ziada atalazimika kuzibeba kwa viungo vyake katika mazoezi ya kwanza, na hapo ndipo mabega huumia.

Samaki ndiye chakula cha jadi cha mbwa hao, na aina mojawapo ya samoni wa mto Yukon huitwa samoni wa mbwa kwa sababu hiyohiyo. Miaka ya karibuni samoni hao wamepungua mno, na tangu mwaka 2021 uvuvi wao mtoni humo umewekewa mipaka mikali, kwa hiyo mfugaji asipange bajeti yake kana kwamba banda la kukaushia samaki litajaa. Anayepata samaki wa maji baridi awapike, au awagandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, ili kuua viluwiluwi vya tegu. Mabaki yasilale uwanjani, maana nzi watayaona kwanza, na dubu atafuata.

Maji yawepo muda wote, na ndoo ioshwe kila siku kwa brashi, si kumwagwa na kujazwa tu. Mbwa asiyependa kunywa atiliwe mchuzi kidogo wa nyama au samaki ndani ya maji. Ni mbinu ya majira ya baridi ambayo, tofauti na nyingine nyingi, yafaa kuendelezwa.

Nyasi kavu zilizomtia joto mbwa kibandani zitolewe zote mara tu baridi ya usiku inapokwisha. Zikiachwa hunyonya unyevu, huota ukungu na kuwa makao ya mbu, na mbwa huishia kulala nje mvuani ilhali ana nyumba. Sakafu tupu ya mbao inatosha, au maranda kidogo. Mbu wa Alaska si wa kupuuzwa: majani marefu yafyekwe kuzunguka uwanja, kila chombo kinachotuamisha maji kipinduliwe, na milango ya vibanda ielekezwe upande unaovuma upepo. Nzi huuma ncha za masikio hadi zikatoka damu, kwa hiyo zipakwe mafuta ya kufukuzia wadudu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Dawa za binadamu za kujipaka dhidi ya mbu zisitumike, kwa kuwa mbwa hujilamba.

Mbwa atachimba. Atachimba shimo la kina cha mkono mzima ili alaze tumbo kwenye udongo wa baridi, na mfugaji anayependa uwanja uliosawazishwa atakasirika bure. Shimo la kulalia liachwe wakati wa joto na kufukiwa siku za mvua linapojaa maji, isipokuwa lile linalofika chini ya nguzo ya mnyororo au chini ya uzio, ambalo lijazwe mawe siku hiyohiyo. Pete inayozunguka juu ya nguzo nayo ikaguliwe, kwani mchanga wa kiangazi huila haraka, na ikikwama mnyororo hujisokota na kumfupishia mbwa nafasi yake.

Kinyesi ambacho majira ya baridi huganda na kukaa kimya, Juni hugeuka kuwa chanzo cha minyoo. Kiondolewe mara mbili kwa siku, kipelekwe mbali na kisima na kijito, na sampuli zipimwe na daktari mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi. Wafugaji wa Fairbanks wamewahi kukigeuza kuwa mboji kwa kuchanganya sehemu mbili za kinyesi na moja ya vumbi la mbao, wakilipindua lundo ili lipate joto la kutosha. Mboji hiyo yafaa kwa maua na miti, si kwa bustani ya mboga, kwa sababu mayai ya minyoo ni magumu kufa. Mahali penye watoto wa mbwa usafi huu una uzito zaidi: virusi vya parvo, vinavyowaletea mbwa ugonjwa mkali wa kuhara, hudumu udongoni kwa miezi mingi, na mtoto hana kinga kamili hadi amalize chanjo zinazorudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Viatu vya mgeni anayetoka banda jingine visikanyage karibu nao.

Baadhi ya mabanda huwavutisha mbwa vigari vya magurudumu vyenye watalii, na karibu na Juneau mbwa hupelekwa kwa helikopta juu ya barafu za milimani wakawavute watalii kwa sleji. Kazi hiyo huwaweka mbwa katika hali nzuri, ila tatizo la vigari vya bondeni ni kwamba watalii hushuka melini mchana. Kipimajoto kiwe ndicho chenye amri, si tiketi. Kikipita nyuzi 15, mbwa wasifungwe kamba.

Moto wa misitu nao una msimu wake. Mwezi Juni 2015 moto ulizuka Willow, eneo lenye mabanda mengi ya mbwa wa mbio, ukateketeza nyumba zaidi ya 50, na mamia ya mbwa wakahamishwa kwa haraka. Gari lenye vyumba vya mbwa lisikae bila mafuta, kila mbwa awe na ukosi wenye jina na simu ya mwenyewe, na mnyororo mrefu wa kuwafungia wengi pamoja uwe umehifadhiwa ndani ya gari hilo. Zoezi la kuwapakia wote lifanyike angalau mara moja kila Mei, kwa saa mkononi. Moshi ukiwa mzito, hata moto ukiwa mbali, mbwa wapumzishwe.

Mazoezi hurejea mwishoni mwa Agosti, alfajiri, mbwa wakivuta pikipiki ya magurudumu manne. Siku za kwanza kilomita tatu hadi tano zinatosha, kwa mwendo wa taratibu, pakiwa na kituo kimoja kando ya maji ambapo dereva hushuka, akapita mstarini akitazama ndimi na kupapasa viwiko na nyayo. Bakuli huanza kujazwa upya kadiri kilomita zinavyoongezeka, na nyasi kavu hurudi vibandani asubuhi ile ambayo maji ya ndoo yatakutwa na utando wa barafu.